Shajara ya mradi: boila la gesi ya kuni na lita 2,000 za maji, Dalarna

Nyumba na tatizo lake

Nyumba iko Dalarna, katikati ya Uswidi. Ni ya mbao, mita za mraba 150, ya miaka ya 1950, ina chumba cha boila chini ya ardhi na radieta za chuma zinazopitisha maji moto kila chumba. Boila la zamani lilichoma kuni na kupeleka maji moja kwa moja kwenye radieta, bila tangi lolote katikati. Kwenye mfumo wa namna hiyo, nyumba ikipata joto la kutosha hakuna la kufanya ila kuubania moto hewa. Moto uliobaniwa hewa haupungui kwa heri: unaendelea kutoa gesi lakini hauichomi. Gesi inapanda dohani ikiwa moshi mzito, inaganda ukutani kuwa lami nyeusi, na lami hiyo ndiyo inayoshika moto ndani ya dohani usiku wa baridi kali.

Aliyekaa karibu na tanuri la mkaa ameuona moshi huo. Kuni kavu zikipashwa moto, karibu asilimia 80 ya uzito wake hutoka kama gesi na mvuke. Mkaa unaoingia gunia ni kile kidogo kilichobaki. Boila la gesi ya kuni limetengenezwa ili kuchoma moshi ule. Kuni hupakiwa chumba cha juu, feni inavuta, na moto unashuka badala ya kupanda. Gesi inapita kwenye nozeli, yaani mwanya mwembamba katikati ya tofali la moto, inakutana na hewa ya pili iliyokwisha kupashwa, na inawaka chumba cha chini kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Baada ya hapo inapita kwenye mirija iliyozungukwa na maji na kutoka nje ikiwa na nyuzi 160 hadi 180. (Waswidi hawakuanza jana na gesi hii: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilipokatika, magari zaidi ya 70,000 yaliendeshwa nchini kwa gesi ya kuni na mkaa.)

Moto huu una sharti moja: unawaka wote au hauwaki. Kwa hiyo kinachorekebishwa si moto, ni maji. Moto unaachwa ufanye kazi yake kwa saa chache, joto linawekwa kwenye matangi, na nyumba inachota humo kidogo kidogo hadi kesho yake. Makosa mazito zaidi yaliyoandikwa humu chini ni ya maji. Boila lenyewe halikusumbua sana.

Machi: hesabu kabla ya kwenda dukani

Upotevu wa joto wa nyumba haukukisiwa kwa mita za mraba. Rekodi za kuni na umeme za misimu 2 zilitoa kilowati 0.2 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ndani ikiwa nyuzi 20, nje ikiwa sifuri nyumba inataka kW 4. Nje ikiwa 10 chini ya sifuri, kW 6. Ikiwa 20 chini ya sifuri, kW 8. Maji ya kuoga na ya jikoni ni kWh 10 (kilowati-saa, zile uniti za umeme) kwa siku.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona kW 8, wananunua boila la kW 10. Boila linalojazwa kwa mkono halichaguliwi hivyo. Linachaguliwa kwa ujazo wa chumba cha kuni na kwa mara ngapi mtu yuko tayari kuwasha kwa siku. Tulichukua la kW 30 lenye chumba cha lita 125. Kikijazwa vizuri kinapokea kilo 40 za mbetula, ule mti wa ganda jeupe unaojaa huku. Kilo moja yenye maji asilimia 20 ina kWh 4, na kwa ufanisi wa asilimia 90 zinazofika kwenye maji ni 3.6. Mzigo mmoja basi ni kWh 144, na unawaka kwa saa 5.

Ndani ya saa hizo 5, nje ikiwa 10 chini ya sifuri, nyumba inakula kWh 30. Zinabaki 114 zinazotafuta pa kulala. Lita moja ya maji inabeba Wh 1.163 kwa kila nyuzi. Lita 2,000 zikitoka nyuzi 35 hadi 85 zinabeba 2,000 × 1.163 × 50, yaani kWh 116. Chanda na pete. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2010 kuhusu moshi wa maboila madogo inataka lita 12 za tangi kwa kila lita ya chumba cha kuni, na si chini ya lita 55 kwa kila kilowati. Kwetu hizo ni 1,500 na 1,650. Ni kima cha chini tu, na tumekivuka bila kwenda mbali sana.

Namba moja imeandikwa kwa chaki ukutani: kila nyuzi ya matangi ni kWh 2.33.

Aprili: kuni kwanza, chuma baadaye

Kuni zilipasuliwa kabla hata boila halijaagizwa, kwa sababu boila huja kwa wiki chache na kuni hazikauki kwa wiki chache. Urefu ni sentimita 50, unene sentimita 8 hadi 12. Zilizo nene kuliko hapo zinaning'inia na kuziba juu ya nozeli; nyembamba mno zinatoa gesi yote kwa mkupuo. Zilipangwa mahali penye upepo, juu ya mbao za kuinulia, paa la bati juu na pande zote wazi. Turubai linalofunika hadi chini hukausha kidogo na kuotesha ukungu sana.

Kipima unyevu cha pini mbili kinadanganya asiyejua kukitumia. Kuni inapasuliwa upya, pini zinachomekwa katikati ya uso mpya, sambamba na nyuzi za mti. Kipimo cha kwenye ncha au ganda hakina maana. Tena vipimo vingi vinahesabu maji dhidi ya uzito wa kuni kavu kabisa, si dhidi ya uzito wote. Kikisoma 25, maji ni asilimia 20 ya kile unachobeba mkononi. Mwisho wa Agosti rundo letu lilisoma kati ya 19 na 23.

Tofauti si ndogo. Kilo 40 zenye maji asilimia 20 zina kilo 32 za mti na kilo 8 za maji, na zinatoa kWh 160 kabla ya hasara. Kilo 40 zenye maji asilimia 35 zina kilo 26 tu za mti, na kilo 14 za maji ambazo lazima zichemshwe na kutupwa dohani. Zinabaki kWh 126 hivi. Halafu moto unapoa, gesi haiwaki vizuri, na lami tuliyoikimbia inarudi.

Juni: kuingiza matangi

Matangi ni mawili ya lita 1,000, kipenyo cha sentimita 79 bila koti la kuhami, urefu sentimita 205. Mlango una sentimita 82, kwa hiyo upana haukuwa shida. Shida ilikuwa kulisimamisha. Tangi linaloinuliwa kutoka kulala halihitaji urefu wake tu, linahitaji mshazari wake: hapa ni sentimita 220. Dari iko 226. Taa na bomba moja la maji machafu vilihamishwa kwanza. Anayenunua apime mshazari kabla ya kulipa. Tangi lisiloweza kusimama halina kazi.

Tangi lililojaa lina uzito wa kilo 1,150 hivi na linakaa juu ya pete nyembamba ya chuma. Sakafu ni zege la sentimita 12 juu ya udongo ulioshindiliwa, inatosha. Kwenye sakafu ya mbao tusingethubutu.

Julai: mabomba

Boila linapeleka maji nyuzi 80 hadi 85, lakini maji yanayorudi kwake hayatakiwi kuwa chini ya 60. Chuma cha ndani kikibaki baridi, mvuke wenye asidi unaganda juu yake na kukila. Boila linatoboka ndani ya miaka michache. Kati ya boila na matangi kuna kifaa cha kuchaji: pampu na vali ya joto ndani ya kasha moja. Vali yetu inafunguka kwa nyuzi 72. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya boila tu. Ikifunguka, maji ya baridi ya chini ya tangi yanachanganywa na ya moto kabla ya kuingia boila.

Mzunguko wa boila ni mkubwa, karibu lita 1,300 kwa saa, lakini kinachoingia matangi ni kidogo: kW 24 zinazobaki baada ya nyumba kuchota, kwa tofauti ya nyuzi 50, ni lita 410 kwa saa. Kwa mwendo huo lita 2,000 zinapita mara moja tu ndani ya saa 5, sawa na muda wa moto. Hiyo ndiyo hali inayotafutwa. Maji ya moto yanakaa juu, ya baridi chini, na mpaka kati yao unashuka polepole kama kivuli ukutani. Tangi lenye nusu ya nyuzi 85 na nusu ya 35 linapasha nyumba. Lile lililokorogwa likawa nyuzi 60 lote lina joto lilelile kwenye karatasi, lakini chini yake hakuna tena maji ya baridi, na likishuka kidogo tu halitoi maji ya kuoga.

Bomba la boila ni shaba ya mm 28; kwenye midomo ya matangi tumepanua hadi mm 35 ili maji yaingie kwa upole. Nyuzi za skrubu zimefungwa kwa katani na grisi yake, si tepu nyeupe: kwenye bomba kubwa linalopashwa na kupoa kila siku tepu huanza kudondosha matone.

Matangi yameunganishwa sambamba. Mara ya kwanza, moto uliingia tangi A kisha B, na baridi ilitoka upande huohuo wa A. Kosa, tazama Oktoba.

Radieta zinachota juu ya matangi kupitia vali ya kuchanganya yenye mota na kihisi cha nje ya nyumba. Nje ikiwa sifuri radieta zinapata nyuzi 42. Ikiwa 20 chini ya sifuri, 55. Kila radieta imebanwa kwenye vali yake hadi maji yarudi na nyuzi 35 au chini. Kazi hii ilichukua siku mbili za kuzunguka na kipimajoto, na inachosha, lakini radieta moja iliyoachwa wazi inarudisha maji ya nyuzi 50 na kuharibu chini ya matangi yote mawili.

Maji ya kuoga yanapita kwenye koili ndani ya tangi A, kisha kwenye vali inayozuia yasizidi nyuzi 60 bombani. Juu ya katikati ya tangi hilohilo kuna hita ya umeme ya kW 6, kwa siku za safari na za kiangazi.

Agosti: kupanuka na kuchemka

Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 90 yanaongezeka karibu asilimia 3.5. Mfumo wote una lita 2,300: matangi 2,000, boila 150, radieta na mabomba 150. Ongezeko ni lita 80. Watu husikia hivyo wakanunua tangi la kupanukia, yaani la kupokea maji yaliyoongezeka, la lita 80, vali ya usalama ikamwaga maji kila moto. Ndani ya tangi hilo kuna hewa, na hewa haiminywi hadi kwisha. Radieta ya juu kabisa iko mita 5 juu, hiyo ni baa 0.5 (baa ni kipimo cha shinikizo), tukaongeza 0.3, shinikizo la hewa likawa baa 0.8. Vali ya usalama inafunguka baa 2.5, nasi hatutaki kuvuka 2.2. Sehemu inayotumika ni (2.2 − 0.8) ÷ (2.2 + 1), yaani 0.44; ile 1 ni shinikizo la hewa ya kawaida. Lita 80 ÷ 0.44 ni 182. Tulifunga la lita 250 ili kuwe na akiba. Hewa yake inapimwa likiwa tupu, kabla ya maji kuingia. Baada ya hapo geji inasoma shinikizo la mfumo, si la hewa.

Kati ya boila na vali ya usalama hakuna koki yoyote. Kwenye tangi la kupanukia kuna koki moja ya matengenezo, lakini mpini wake umeng'olewa na kufungwa juu ya mlango wa chumba.

Umeme ukikatika katikati ya moto, feni inasimama na moto unafifia, lakini kilo 20 za makaa bado zina joto la kutosha kuchemsha boila. Boila lina koili ya dharura: likifika nyuzi 95, vali inafunguka na maji ya bomba yanapita kulipoza. Karatasi ya maelekezo inaishia hapo. Nyumba hii inavuta maji kisimani kwa pampu ya umeme, kwa hiyo umeme ukikatika, maji ya dharura yanakatika pia! Kinga ya kweli hapa ni maji kuzunguka yenyewe: matangi yapo juu kidogo kuliko boila, bomba la moto linapanda bila kushuka popote, na kifaa cha kuchaji kina kibao kinachojifungua pampu ikisimama. Tulijaribu kwa makusudi moto ukiwa umekolea: swichi kuu ilizimwa, boila likapanda kutoka 84 hadi 91 ndani ya dakika 14, likakaa hapo, kisha likaanza kushuka. Jaribio hili lifanywe siku ya kwanza, mtu akiwa amesimama pale. Baadaye tumeongeza betri yenye inveta kwa ajili ya pampu pekee.

Septemba: dohani, hewa, maji

Dohani ya matofali ya mita 7 ilikuwa pana mno kwa moshi wa nyuzi 170. Ungepoa njiani na kutokwa jasho. Imewekewa bomba la chuma kisichoshika kutu, kipenyo mm 150, na nafasi ya pembeni imejazwa kihami. Mvuto umepimwa ukawa kati ya paskali 15 na 20, na kuna kibao cha kuurekebisha siku za upepo. Taarifa ilipelekwa manispaa kabla ya kazi, na mfagiaji dohani alikuja kupima kama bomba linavuja kabla ya moto wa kwanza.

Moto wa kilo 8 kwa saa unavuta karibu mita za ujazo 45 za hewa kila saa. Chumba kilikuwa kimezibwa vizuri dhidi ya baridi, vizuri kupita kiasi. Sasa kuna tundu la sentimita za mraba 150 ukutani, na king'ora cha kaboni monoksaidi kimo chumbani na kingine ngazini.

Mfumo ulisafishwa mara mbili kwa maji kabla ya kujazwa, ukatoa vumbi la chuma na nyuzi za katani, kisha ukabanwa baa 3 baridi kwa saa 12, vali ya usalama ikiwa imetolewa na tundu lake kuzibwa, na tangi la kupanukia limefungiwa. Maungo mawili yalidondosha, yote ya mm 35. Hewa ilitolewa juu ya kila tangi na kila radieta, na tena baada ya moto wa kwanza, kwa sababu maji mapya yakipashwa yanaachia hewa yake.

Mwisho wa Septemba: moto wa kwanza

Tofali la moto linakuja na unyevu. Siku 3 za kwanza ni moto mdogo wa kilo 5 hadi 8, boila likiachwa lipoe katikati. Nyufa nyembamba kwenye tofali ni za kawaida. Kipande kinachochezacheza si cha kawaida.

Mpangilio wa kuwasha uliokubalika baada ya siku kadhaa: kibao cha njia ya mkato, kinachoruhusu moshi kwenda dohani bila kupita kwenye nozeli, kinafunguliwa, feni inawashwa. Vibanzi vikavu vinapangwa juu ya nozeli bila kuiziba, kisha kuni 5 nyembamba. Zinaachwa ziwake kwa dakika 15 hadi kuwe na makaa ya kina cha sentimita 5. Hapo mzigo wote unapakiwa, kuni zikilala upande mmoja bila kupishana, mlango unafungwa, kibao kinafungwa. Ndani ya nusu dakika unasikia mvumo wa chini, kama jiko la pampu linaposhika. Usiposikia, makaa hayakutosha. Kibao kifunguliwe tena na kusubiri. Kupitia kidirisha cha chini ulimi wa moto unaonekana mweupe wa manjano, umenyooka. Mwekundu na mvivu maana yake kuni mbichi au hewa ya pili haitoshi.

Kila tangi lina vihisi 5 kutoka juu hadi chini. Moto ulioanza saa 3 asubuhi, matangi yote yakiwa nyuzi 37, ulisomeka hivi saa 6 mchana kwenye tangi A: 84, 84, 61, 38, 37. Saa 8 na nusu: 85, 85, 84, 82, 58. Moshi ulitoka na nyuzi 172, na juu ya paa hakukuonekana kitu ila mtetemo wa hewa.

Oktoba: makosa

Vihisi vya tangi B siku ileile, saa 8 na nusu, vilisomeka 83, 71, 52, 40, 37. Maji ni mvivu. Njia ya kwenda A na kurudi ilikuwa fupi kwa mita 3, basi mengi yalipita huko. Bomba la kurudi lilikatwa na kuhamishwa: moto unaingia kwa A kwanza, baridi inatoka kwa B. Sasa wa kwanza kupokea ni wa mwisho kurudisha, urefu wa njia zote mbili ni sawa, na tofauti kati ya matangi haizidi nyuzi 2. Kuongeza mwendo wa pampu, ambako kulipendekezwa na muuzaji mmoja, kulisawazisha matangi pia, lakini kwa kuyakoroga.

Asubuhi kadhaa boila lilikutwa na nyuzi 60 ilhali moto ulizimika jioni, na juu ya matangi palikuwa pamepungua nyuzi 12. Maji ya moto yalikuwa yakizunguka kinyume usiku kucha, yakipoza matangi kupitia boila hadi dohani. Kibao cha kuzuia kurudi hakikufunga. Ndani yake kulikuwa na uzi mmoja wa katani. Ulitolewa, na asubuhi iliyofuata boila lilikuwa na 28.

Mara 2 moto ulififia chumba kikiwa nusu. Moshi ulishuka hadi nyuzi 110, mvumo ukatoweka. Kuni zilikuwa zimejishika zikafanya daraja juu ya shimo tupu. Sababu ilikuwa magogo mawili ya sentimita 16 yaliyowekwa chini kabisa. Dawa yake si kufungua mlango ghafla. Kibao cha njia ya mkato kinafunguliwa, feni inapandishwa hadi mwisho, mlango unaachwa wazi sentimita 2 kwa nusu dakika hadi gesi ivutwe, ndipo unafunguliwa na kuni kugongwa kwa chuma kirefu. Anayekurupuka anakaribisha hewa kwenye chumba kilichojaa gesi ya moto, na ulimi unamtokea usoni.

Kuni za rundo la zamani, zilizosoma 12, zilifanya boila kuguna puf, puf, puf, hadi kifuniko cha kusafishia kikagonga. Gesi ilikuwa nyingi kuliko hewa ya pili. Hewa ya kwanza, ile inayoingia chumba cha kuni, ilipunguzwa kidogo na kuni hizo zikachanganywa na nene. Zimeisha.

Moshi ulipanda polepole hadi nyuzi 215 ndani ya wiki 3. Mirija ilikuwa na koti la vumbi la kijivu la milimita 1 tu. Mkono wa kusafishia mirija sasa unavutwa mara 10 kabla ya kila moto, na brashi inapitishwa kila wiki 4.

Januari: baridi yenyewe

Nyuzi 24 chini ya sifuri kwa siku 6. Nyumba ilitaka kW 8.8, yaani kWh 211 kwa siku, na maji ya kuoga 10. Ilikuwa moto mara 2 kwa siku, kilo 30 asubuhi na kilo 31 jioni. Radieta zilipewa nyuzi 58 na zilirudisha 38, kwa hiyo matangi yalikuwa na nafasi ndogo ya kubeba joto kuliko ile ya hesabu ya Machi. Bado ilitosha.

Kuni hazipakiwi kwa macho tena. Kuna mizani ya kuning'iniza karibu na mlango, na hesabu inafanywa kabla ya kila moto: 85 kutoa wastani wa vihisi vyote, mara 2.33, jumlisha kile nyumba itakula moto ukiwaka, gawa kwa 3.6. Matangi yakiwa na wastani wa 52 na nje ikiwa 10 chini ya sifuri: 33 × 2.33 ni 77, nyumba kwa saa 4 ni 24, jumla 101, kilo 28. Anayejaza chumba siku kama hiyo atafika mahali matangi yamejaa na moto una saa moja na nusu ya kuishi, boila litapanda hadi 90, feni itajizima, na moto utabaki ukifuka. Yaani amerudi kwenye boila la zamani.

Siku za nyuzi sifuri, moto mmoja wa kilo 40 ulidumu saa 31 hadi 33.

Machi: kipimo cha upotevu

Matangi yalichajiwa, kila kitu kikafungwa kwa saa 24. Wastani ulishuka nyuzi 3, yaani kWh 7. Kamera ya joto haikuonyesha kosa kwenye koti la sufi ya mawe la sentimita 15. Ilionyesha koki, yunioni na midomo isiyotumika, vyote viking'aa kama taa. Vilivikwa, na bomba la juu la tangi B likapindwa lishuke sentimita 30 kabla ya kwenda kokote, ili maji ya moto yasipande ndani yake yenyewe. Kipimo cha pili: nyuzi 2.

Kuni zilizotumika tangu 1 Oktoba hadi 31 Machi: tani 5.4. Majivu: ndoo 3 za lita 10, karibu yote kutoka chumba cha chini. Dohani ilifagiliwa tarehe 27. Kilichotoka ni vumbi kavu la kahawia, vikombe viwili, bila lami.

Yaliyobaki: kihisi cha tatu cha tangi B kinasoma nyuzi 4 pungufu, kimelegea ndani ya mfuko wake na kinahitaji grisi ya kupitisha joto. Kamba ya kuziba mlango wa juu imeanza kuwa ngumu upande wa bawaba. Mpya imeagizwa, mm 14, mita 2. Kuni za msimu ujao zimepasuliwa tani 4, bado 3.